Leseni ya Kiganja

Mimi ni kituo cha habari kilichofungiwa. Kabla ya hapo nilikuwa mama tu, mke wa fundi mwashi, nimesoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Mtu angeniambia kwamba siku moja serikali itaniweka kapu moja na redio ningemcheka mpaka nikae chini. Sasa nawaandikia kina mama wa nchi nyingine, ambao bado mnadhani mikono yenu ni ya kwenu. Kuandika hawajanikataza. Nadhani ni kwa sababu wangenikataza wangelazimika kusoma.

Jina la nchi yetu silitaji. Ni nchi nzuri, ina wimbo, ina bendera, na ina mawaziri wengi kuliko matundu ya choo katika shule zake zote. Wewe isome tu. Ukiona inafanana na ya kwenu, nyamaza, vuta mlango, endelea.

Binti yangu anaitwa Nyamizi. Alizaliwa kiziwi. Tukampeleka shule ya viziwi, akajua kusema kwa ishara kuliko mimi ninavyosema kwa mdomo, halafu alipovunja ungo macho yakaanza kuzima, kidogo kidogo kama taa inayoishiwa mafuta, mpaka yakazima yote. Daktari alisema ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, hauna wa kulaumiwa. Basi tukahamia mikononi. Yeye anaweka mikono yake juu ya yangu, mimi natoa ishara, vidole vyake vinanifuata. Neno lisilo na ishara namwandikia kiganjani, herufi baada ya herufi. Kila jioni baba yake akishaoga tulikaa mkekani nikampa Nyamizi habari za siku: nani kaolewa, nani kakamatwa, sukari imepanda, mbuzi wa Mama Shukuru kala bango la mgombea akaharisha. Nyamizi ni mtu mzima na ana maswali kuliko hakimu. Mambo ya mtaa aliyajua kumpita balozi wetu wa nyumba kumi, na balaa lilipitia mlango huo.

Lakini tuanze na serikali, maana haipendi kutanguliwa.

*

Waziri wetu wa Habari, Mheshimiwa Majisifu, alikwenda mkutano ng'ambo akaambiwa kwamba duniani kuna watu wanaitwa viziwi wasioona, na kwamba nchi zinazojiheshimu huwapa habari na msaada. Alirudi amekasirika kwamba watu hao walikuwepo nchini muda wote huo bila kumwarifu. Akatangaza papo hapo uwanja wa ndege kwamba hakuna raia atakayeachwa gizani, na kwamba viziwi wasioona wote watapata taarifa ya habari kwa njia ya kisasa.

Njia ya kisasa ilikuwa spika kila kona na skrini kubwa pale sokoni.

Mume wangu Lubango hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliitazama ile skrini, akakohoa vumbi la saruji, akasema, "Mama Nyamizi, hii lazima ni ya wale viziwi wasioona wanaosikia na kuona."

Baada ya muda Waziri akaletewa taarifa kwamba walengwa hawasikii. Akaagiza sauti iongezwe. Akaletewa nyingine kwamba hawaoni. Akaagiza herufi zikuzwe. Zilikuzwa mpaka neno moja likawa halienei kwenye skrini, na wenye macho nao wakakosa habari, na hapo wizara ikajisifu kwamba imeleta usawa. Sauti nayo ikafika mahali kuku wakaacha kutaga. Siku hiyo Nyamizi alikuwa anachambua mchele. Akauacha ungo, akashika kifua, akanitafuta mkono.

"Tetemeko?" akauliza.

"Hapana," nikamjibu. "Ni Waziri."

"Anasema nini?"

"Anasema umepata habari."

*

Wizara ilihitaji picha ya kiziwi asiyeona aliyefikiwa na habari. Ikatafuta mikoani ikakosa. Ndipo Balozi Kombwe, yule wa nyumba kumi, akajipendekeza: "Kwangu yupo. Anajua kila kitu. Juzi mama yake kanifikishia swali lake, eti mahindi ya msaada yanafanya nini stoo kwangu."

Waziri akaja na msafara. Magari yalikuwa mengi hata la mwisho lilikuwa bado mtaa wa pili. Akaingia uani kwangu, akanyoosha mkono, akasimama hivyo akisubiri Nyamizi auone.

Sasa, viziwi wana desturi yao. Hawamwiti mtu kwa jina la cheti. Wanampa ishara yake, na Nyamizi humpa mtu ishara kwa kile alichokigusa kwanza. Akasogea, mikono mbele, na kabla hajaufikia mkono wa Waziri akalifikia tumbo. Akalipapasa, akalipigapiga mara mbili kwa kiganja. Jina likawa limeshatoka.

"Amesema nini?" Waziri akauliza.

"Amekupa jina, mheshimiwa."

"Jina gani?"

Balozi Kombwe alinikodolea macho kama mtu aliyekwamwa na mfupa. "Mkubwa," nikasema.

Mheshimiwa alifurahi jamani. Akajipigapiga tumbo mara mbili mbele ya kamera, wasaidizi wake wakajipigapiga ya kwao kwa heshima, na mpaka leo ndiyo saluti ya wizara ile. Asiye na tumbo hapandi cheo.

Mimi nikamweleza Nyamizi mikononi kinachoendelea. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kucheka kule kulikuwa kosa. Waziri aliacha kutabasamu.

"Mama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia kwamba umekuja, mheshimiwa."

"Na kesho ukimwambia nimeondoka?"

"Atajua umeondoka."

Akamgeukia msaidizi wake. "Kwa hiyo huyu mama anatangaza. Hapa, uani, kila siku, bila studio. Kwa leseni ya nani?"

*

Bunge lilikaa juu ya viganja vyangu. Wizara ya Afya ikadai kiganja ni ngozi, kwa hiyo ni chake. Wizara ya Ardhi ikasema kina mistari, kwa hiyo ni ramani. Mheshimiwa Majisifu akashinda kwa hoja kwamba kila kinachopeleka neno kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine ni chombo cha habari, na chombo kisichosajiliwa ni hatari kwa taifa. Wabunge wakajipiga matumbo, sheria ikapita.

Nikaletewa Mkaguzi wa Viganja. Jina lake Bwana Kalyoma, mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyesomea ishara; alikuja na kiti chake mwenyewe akakiweka sebuleni kwangu.

"Mama Nyamizi, usiogope," akaniambia. "Serikali haijakukataza kusema na mwanao. Maneno ya nyumbani unaruhusiwa. Kula, lala, njoo, kaa. Ulichokatazwa ni habari."

"Na habari ni nini, mwanangu?"

"Jambo lolote ambalo alikuwa halijui kabla hujamwambia."

"Uji ukiungua?"

Akafikiri. "Hiyo ni habari ya uchumi."

"Mvua ikinyesha juu ya nguo zake?"

"Hali ya hewa, mama. Hiyo kabisa usiiguse."

Kwa upande wa habari zenyewe, tuliambiwa tusiwe na shaka, zitaletwa na Mkono wa Taifa. Mkono wa Taifa alikuwa Bwana Desderi, mtoto wa dada yake mke wa Waziri, na mikono yake ilikatiwa bima. Alikuja kila Ijumaa na ving'ora, amevaa glovu nene nyeupe za sherehe, kwa sababu itifaki hairuhusu mkono wa taifa kugusa mtu hivi hivi. Ishara alifundishwa chache, zilizopitishwa na kamati: maendeleo, shukrani, changamoto, likizo, karibu. Njaa haikuwemo. Wizi haukuwemo. Kufa hakukuwemo, kamati ilisema neno hilo linavunja moyo wawekezaji.

Nyamizi alizipapasa zile glovu Ijumaa ya kwanza akanigeukia. "Huyu nani ananipa mto?"

Nikamtazama Bwana Kalyoma. Akatikisa kichwa. "Kaa," nikamjibu mwanangu. Neno la nyumbani.

Mnacheka. Cheka tu, mama, lakini ujaribu. Mtoto ameweka mikono juu ya yako, anasubiri. Unajua sukari, unajua mvua, unajua nani kajifungua usiku, vidole vyako vimejaa, na wewe unampa "kula". Anauliza, "Nimekukosea nini?" Unampa "lala".

*

Waziri alikuwa ameelewa kitu kimoja katika ziara yake, kwamba hawa watu wanatumia mguso. Kwa hiyo akaamuru ujenzi wa Mnara wa Mguso wa Taifa: mkono wa zege, mrefu kuliko kanisa na msikiti vikibebana, kiganja kikitazama angani. Juu kabisa, ndani ya kidole gumba, ndimo atakamokaa Bwana Desderi, na viziwi wasioona wa nchi nzima watapanda ngazi kumfuata wapewe habari. Ngazi hazikuwa na pa kushikilia. Mchoraji alisema vishikio vinaharibu sura.

Lubango alipata kazi pale. Fundi mwashi hachagui, anajenga anachoambiwa. Jioni moja alirudi kimya kuliko kawaida yake, akanawa, akakaa.

"Leo tumetia mianzi ndani ya zege," akasema.

"Nondo ziko wapi?"

"Zimekwenda kwenye ukuta wa nyumba ya mheshimiwa. Nimemwuliza msimamizi, kaniambia mianzi ni nondo za kizalendo."

"Baba Nyamizi, kesho usiende."

"Nisipoenda tutakula nini, hicho kiganja chako?"

Alisema kwa utani, na mimi nikamsukuma bega. Nyamizi alikuwa kati yetu. Alinusa saruji kwenye shati la baba yake akauliza anajenga nini siku hizi. Bwana Kalyoma, kwenye kiti chake, akanyanyua kidole: "Hiyo ni habari ya miundombinu." Nikamwambia mwanangu, "Kula."

Kidole gumba kilidondoka asubuhi, mafundi wakichanganya zege chini yake. Walioumia ni wengi. Aliyefariki ni mmoja.

Spika zote za mji zikatangaza kwamba kidole gumba cha taifa kimeamua kushuka chini ili kiwe karibu na wananchi.

*

Wakamleta mume wangu nyumbani akiwa ndani ya sanduku. Wanawake wa mtaa wakaingia, vilio vikaanza. Nyamizi alisimama mlangoni, miguu peku, akihisi sakafu ikitetemeka kwa nyayo za watu.

"Harusi?" akaniuliza.

Nikamgeukia Bwana Kalyoma. "Neno moja tu. Ni baba yake."

"Mama, nakuonea huruma, nina watoto na mimi," akasema, na nadhani alikuwa mkweli, na hilo ndilo linalotia kichefuchefu. "Lakini kifo ni habari kubwa kuliko zote. Ingekuwa ndogo ningefumba macho. Subiri Mkono wa Taifa."

Mkono wa Taifa akaja, ingawa haikuwa Ijumaa, kwa heshima ya marehemu. Akampa Nyamizi glovu zake. Changamoto. Baba. Likizo. Shukrani.

"Likizo?" Nyamizi akauliza. "Mpaka lini?"

Bwana Desderi alikosa ishara. Akarudia: likizo.

Na mwanangu akafurahi. Baba yake alikuwa hajapata likizo tangu amzae. Akaenda nyuma ya mlango akachukua nguo zake za kazi, zile ngumu kwa saruji, akakaa uani akazifua. Alizifua kwa mikono yote miwili, akazisugua kwenye jiwe, akazisuuza, akazinusa, akazisuuza tena. Kisha akazianika kwenye kamba, suruali, shati, ili akirudi azikute. Waombolezaji walipita chini ya kamba ile wakiinama. Matone yaliwaangukia vichwani na hakuna aliyethubutu kufuta.

Mama Shukuru akanishika mkono. "Shoga, utamwacha hivyo? Mwanao anamfulia maiti."

"Nikimwambia watanifunga mikono. Na wakinifunga atabaki na nani wa kusema naye hata hilo 'kula'?"

"Sasa hivi anasema na nani?"

Nikauvuta mkono wangu.

Na wengine mtaani wakanong'ona kwamba afadhali asijue. Kwamba asiyeona wala kusikia ana bahati, uchungu haumfikii. Watu wazima, wenye akili zao, wakalisema hilo huku nguo za Lubango zikiwadondokea maji.

*

Mheshimiwa Majisifu alikuja mazikoni. Alikuja na hema lake, viti vyake na hotuba yake. Alisema marehemu ni shujaa wa mguso. Alisema kidole gumba hakikuanguka, kilimkumbatia. Alisema upepo unachunguzwa, na kwamba tayari mianzi miwili imehojiwa. Maofisa wakajipiga matumbo taratibu, kimsiba.

Sheria haikuruhusu Nyamizi aletwe makaburini, maana kaburi nalo lingekuwa tangazo. Nilimleta. Nilimshika kiwiko nikampitisha katikati ya watu mpaka mbele, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba nitafanya hivyo, hakuna aliyekuwa amepangiwa kunizuia.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba ruhusa ya neno moja."

"Neno gani, mama?"

"Amekufa."

"Hilo halimo," akasema kwa upole, akimtazama Bwana Desderi, naye akathibitisha kwamba halimo. "Peleka ombi kwa kamati. Watakaa baada ya sikukuu."

"Ardhi haisubiri sikukuu, mheshimiwa. Wanamfukia sasa hivi."

"Basi tumwambie ni likizo ndefu."

Nikachukua mikono ya mwanangu nikaiweka juu ya yangu. Sikukumbuka tena ni ishara ipi inaruhusiwa. Nikamwambia: baba. Kisha nikageuza viganja vyangu, vyake vikiwa juu, vikageuka pamoja na vyangu. Amekufa.

"Anatangaza," Waziri akasema. "Kalyoma, anatangaza mbele yako."

Bwana Kalyoma akaja akanishika mkono wa kulia. Nikaendelea kwa kushoto. Akaunyooshea mkono na huo, na hapo Mama Shukuru akaingia kati na kanga yake, na nyuma yake wanawake wa mtaa wote, vifua mbele.

"Mguse mjane kaburini," Mama Shukuru akamwambia, "mguse, nikuone utakavyolala usiku."

"Dada, mimi natimiza wajibu."

"Katimizie kwenu. Hapa tunazika."

Wakatuzunguka. Humo ndani tukabaki mimi na Nyamizi na udongo. Hakulia kwanza. Alishika vidole vyangu kwa nguvu, akasema kwamba ninasema uongo, kwamba baba yuko likizo. Nikarudia. Nikampigisha magoti, nikampeleka mkono mpaka kwenye ubao wa sanduku, akalipapasa urefu wote, kichwani mpaka miguuni, akapima. Fundi yule alikuwa mrefu. Ndipo akatoa sauti, ile sauti yake asiyoijua mwenyewe, na kelele za spika za nchi nzima hazijawahi kunitetemesha hivyo.

Alipotulia akanitafuta mikono tena. Maswali. Nilijua yatakuja.

"Amekufaje?"

"Ameangukiwa."

"Na nini?"

"Mnara. Mnara waliokuwa wanajenga."

"Mnara wa nini?"

Hapo nilisita, si kwa kumwogopa Kalyoma. Lakini nilikuwa nimeshampa "kula" za kutosha. Nikamwandikia kiganjani, herufi moja moja, nisikosee: WA KUKULETEA WEWE HABARI.

Mikono yake ikakaa juu ya yangu. Kisha akakigeuza kiganja changu akaandika ndani yake, polepole, neno moja.

Waziri alikuwa amepenyeza kichwa juu ya mabega ya wanawake. "Amesema nini?"

"Amesema, IMEFIKA."

"Nini imefika?"

"Habari, mheshimiwa. Uliyomletea."

Alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka, ukang'aa. Akawageukia wapiga picha. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Kiziwi asiyeona wa kwanza nchini kufikiwa na habari." Akapiga makofi. Maofisa wakapiga makofi. Bwana Desderi naye akapiga, ingawa kwa glovu zile hayakutoa sauti.

Jumatatu walikuja kunifungia.